Mamba Aliyekanwa

Mwanasiti wa Idsowe alipenda kusema kwamba tangu azaliwe hajapata kudanganywa na mtu. Akishasema hivyo hutulia kidogo, akaivuta leso yake mabegani, kisha akaongeza: "Ila waume zangu wote wawili, na muuza miwani wa Garsen, na yule kijana wa mkopo. Hao siwahesabu. Walinikuta na njaa."

Waume tuwaache walale, ni marehemu. Muuza miwani naye alihamia Malindi kwa hiari yake, au kwa hofu yake. Hapa habari ni ya kijana wa mkopo, Abdinur, mtoto wa wafugaji wa Bangale, aliyekuja mtoni na tai shingoni na viatu vya kujitazamia uso.

Mwanasiti alikuwa ametaka mkopo wa pampu ya maji. Shamba lake lilikuwa kama mashamba yote ya Wapokomo wa pale: ukanda mwembamba, kichwa chake mtoni na miguu yake imenyooshwa porini. Ndivyo wazee walivyogawa, kila ukoo ukanda wake, ili asiwepo mtu wa kunyimwa maji. Shamba lisilogusa mto, kwao, si shamba. Ni uwanja wa nyani.

Basi Abdinur akaja kulikagua. Pekeshe, mpwa wake Mwanasiti, alimvusha kwa mtumbwi, kijana ameshika kingo kwa mikono yote miwili kama mtu anayevushwa kwenda kwenye hukumu. Aliposhuka alizunguka shamba, akahesabu migomba, akasifu udongo, akala embe. Kisha akaketi juu ya gogo, akatoa makaratasi.

"Mama, pamoja na mkopo kuna bima," alisema. "Mto ukifurika ukaharibu pampu yako au mimea yako, bima inakulipia deni lote. Wewe unakaa tu."

"Mto ukifurika?"

"Ndiyo, mama."

"Huu mto?"

"Huo huo."

Mwanasiti aliuma pindo la leso asije akacheka. Mto Tana hufurika kama vile jua linavyochomoza. Mto usipojaa, mpunga haupo, na watu wa Idsowe hukaa wakiusubiri wanavyosubiri mgeni mwenye zawadi. Na hawa watu wa ofisini wameweka dau kwamba hautakuja! Alijiona ameokota. Moyoni aliwaonea huruma hata kidogo, vile mtu anavyomwonea huruma kipofu anayeuza kioo.

Karatasi zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza cha Mwanasiti kiliishia kwenye salamu za asubuhi za shule ya msingi. Chini kabisa palikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. "Na hapa pamesemwa nini, mwanangu?"

"Hayo ni mambo ya kawaida tu, mama. Tia sahihi."

Akatia, tena kwa mbwembwe.

Walipokuwa wakiagana ukingoni, Mwanasiti aliinama kusuuza vikombe. Hakuuona ule mgongo uliokuwa ukija chini ya maji. Abdinur aliuona. Aliunyakua upondo, ule mti mrefu wa Pekeshe wa kusukumia mtumbwi, akauteremsha puani mwa mamba kwa nguvu hata ukapasuka, na kwa mkono wa pili akamvuta bibi wa watu kwa leso yake mpaka juu. Leso ilibaki nusu. Mwanasiti alibaki mzima. Siku hiyo alimpa Abdinur mkungu mzima wa ndizi, na laiti angebaki na binti asiyeolewa angempa na huyo.

Ndipo ikaja mvua kubwa ya Elinino.

Mto wa mwaka ule haukuja kama mgeni. Ulikuja kama shemeji asiye na kazi, ukakaa. Ulichukua mpunga, migomba, vyoo, na pampu ukaichukua kwa heshima zote, pamoja na banda lake. Garsen ikawa kisiwa. Idsowe watu walilala juu ya tuta na mbuzi wao. Lakini Mwanasiti alikuwa akitabasamu kwenye matope. Majirani walidhani amerukwa na akili. Yeye alikuwa anawaza bima yake.

Maji yalipopungua akaenda ofisini Garsen, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, akadai. Jibu likaja kwa barua: bima ya mafuriko haihusu shamba lolote linaloweza kufikiwa na maji ya mto.

Alimsomesha Pekeshe barua ile mara mbili, kisha akamwuliza kama amekunywa kitu.

"Bima ya mafuriko isiyofika mafuriko yanapofika!" alisema. "Huu ni mwavuli, unauziwa kwa sharti usiutoe nje!"

Akaandika malalamiko kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimelala huku na huku kama mpunga uliopigwa na upepo, lakini maneno yamesimama wima: kijana wenu alisimama shambani mwangu, miguu yake imelowa maji ya mto, akaniuzia bima ambayo alijua hainifai hata siku moja. Nirudishiwe haki yangu.

Jibu la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Ofisi imechunguza, lilisema. Afisa wetu hajapata kufika shambani kwa mteja. Mteja mwenyewe, alipokuja ofisini, alieleza kwamba shamba lake liko juu, kando ya barabara, mbali na mto. Mteja ametoa habari za uongo. Deni liko palepale, na asipolipa, mabati ya nyumba yake yatang'olewa Jumamosi.

Mabati! Mwanasiti aliyanunua bati kwa bati, kwa maembe na ndizi, miaka na miaka, wakati wenzake wanaezeka makuti. Mvua ilipoanza, paa lake ndilo lililoitangazia Idsowe nzima. Chini yake alikuwa analala yeye na wajukuu, na baada ya mafuriko, nusu ya majirani. Pampu ilikuwa imekwenda na mto, sawa, mto haujui mtu. Lakini binadamu apande juu ya nyumba yako na nyundo mchana kweupe, huku umeitwa mwongo!

Alifika ofisini kabla hawajafungua. Meneja alikuwa Kadra, mwanamke mwembamba, mkali, asiyepoteza neno. Abdinur alikaa pembeni, tai shingoni, hamtazami mtu.

"Kijana," Mwanasiti alianza, hata salamu hakutoa, "ni nani aliyekula embe langu?"

"Mimi simjui huyu bibi ila hapa ofisini," Abdinur alimwambia Kadra.

"Hunijui? Mkungu wangu wa ndizi ulimpelekea nani? Na mamba je? Hukumpiga mamba wewe, ukanitoa mdomoni mwake? Nusu ya leso yangu iko kwa huyo mamba mpaka leo!"

Abdinur alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Mamba? Meneja, mimi ni mtu wa nchi kavu. Mtumbwi sijapanda maishani mwangu. Wazee wakishikwa na deni huota mambo mengi."

Mwanasiti alimwangalia. Amemwona mtu akikana deni, akikana mtoto, akikana hata jina lake. Lakini mtu kukana ushujaa wake mwenyewe, hilo lilikuwa jipya. Kwa kila bima aliyouza, kijana huyu alipewa chake. Ofisi ikijua aliliona shamba na akanyamaza, kazi hana. Ndiyo maana mamba amekanwa.

"Nilimvusha mimi," Pekeshe alisema mlangoni. "Upondo wangu alinipasulia yeye."

"Wewe ni nani wake?" aliuliza Kadra.

"Mpwa wake."

"Ushahidi wa mpwa siupokei." Kadra alimgeukia Mwanasiti. "Bibi, mimi sikupendi wala sikuchukii. Nionyeshe kwamba Abdinur alifika shambani kwako, malalamiko yako nitayakubali na mabati hayaguswi. Usiponionyesha, usinipigie kelele. Njoo Alhamisi. Jumamosi wale watu wanapanda."

"Na wakipanda waje na viatu vizuri," alisema Mwanasiti. "Bati langu lina makali kuliko ulimi wangu."

Lakini njiani kurudi hakuwa na mzaha. Alitembea mbele, Pekeshe nyuma, hata nzi aliona ni heri apite mbali.

"Mwapishe, shangazi," Pekeshe alisema.

"Msahafu si kitu cha kuchezea ofisini. Na mtu aliyemmeza mamba mzima atashindwa kumeza kiapo?"

"Basi ngoja nimshike barabarani. Kile kidevu chake..."

"Ushikwe na polisi, nikuuzie nini nikutoe? Mabati?"

Pekeshe akapiga jiwe kwa mguu. "Wacha tu. Atakoma mwenyewe. Mzee Wario bado hajasema ndiyo."

Mwanasiti akasimama. "Wario yupi? Wa ng'ombe? Ndiyo ya nini?"

"Hujui? Abdinur anamposa Sabdio, binti yake. Mzee amesema hatoi binti kabla hajamjua mtu mwenyewe. Anauliza-uliza habari zake kila mahali, Minjila huko kote."

Mwanasiti alikaa chini kando ya njia, palepale, akafunua kijikaratasi chake cha ugoro, akanusa, akapiga chafya iliyotisha ndege. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika. Sifa, mtu huweza kuikana. Sifa ni nguo ya sikukuu, ukiikosa unaishi. Lakini aibu, tena aibu ya uongo, mbele ya baba mkwe mtarajiwa?

Kesho yake alikwenda Minjila na ndizi. Wario, Muorma mrefu mwenye fimbo iliyong'aa kwa kushikwa, alikuwa anawaangalia ng'ombe wake wakila nyasi mpya za mafuriko. Walijuana tangu zamani, ndizi kwa maziwa, na hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana.

"Mwanasiti! Mto haukukuchukua?"

"Ulinionja, ukanitema. Wario, Alhamisi nina kesi na yule kijana anayemposa binti yako. Njoo ukae usikilize."

"Mimi niwe shahidi wako? Nyinyi watu wa mto mna maneno mengi kama vyura."

"Na nyinyi mna ng'ombe wengi, masikio machache. Sitaki useme neno. Si unamchunguza mkweo? Basi njoo umwone kazini kwake."

Wario alizikagua ndizi, akaona ni nzuri kuliko ombi lenyewe. "Nitakuja. Lakini ukimsingizia, nitajua."

"Utajua," alisema Mwanasiti. "Hilo ndilo ninalolitaka."

Alhamisi chumba kilijaa. Kadra mezani. Abdinur pembeni yake, naye alipomwona Wario akiingia na fimbo yake alisimama, akainamisha kichwa, akampa kiti chake mwenyewe. Hakuketi tena. Pekeshe alibaki mlangoni. Ukutani aliegemea fundi aliyekodiwa kung'oa mabati, amekuja kuulizia kazi yake.

"Haya, bibi," alisema Kadra. "Umeleta nini?"

Mwanasiti alipiga magoti nusu, akasimama kwa tabu aliyoiongezea kidogo. "Nimeleta ombi la radhi, binti yangu. Siku ile nilisema uongo."

Pekeshe aliangalia dari kama alivyoagizwa.

"Nilisema kijana huyu alinitoa kwenye mamba. Ilikuwa uongo. Hakunitoa."

Abdinur alishusha pumzi, akaitengeneza tai yake. "Umesikia, meneja? Mimi nilisema. Nimemsamehe."

"Hakunitoa," Mwanasiti aliendelea, sasa uso wake umemwelekea Wario, "kwa sababu alikimbia."

"Nini?"

"Nilimsifu bure kwa kumwonea haya, mtoto wa watu, mgeni. Mzee Wario, wewe ni mtu mzima, nikufiche nini? Mamba alipotokea, huyu alipiga ukelele, ukelele wa kike hasa, mpaka wanawake wa ng'ambo wakadhani kuna arusi. Akanisukuma mimi mbele, mimi mtu mzima kama mama yake, ili mamba apate cha kutafuna huku yeye anapanda ukingo."

"Meneja, mimi sikuwapo!" alisema Abdinur. "Hii ni hadithi tu!"

"Kama hukuwapo basi haikuhusu, baba, tulia," alisema Mwanasiti kwa upole wa kuudhi. "Na alipofika juu akakaa chini, akalia. Alilia, Mzee Wario! Nikamfuta kamasi kwa leso yangu. Na mwisho wa yote, hata mamba hakuwa mamba. Lilikuwa gogo."

Mlangoni Pekeshe akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko alichofundishwa jana usiku, lakini kilipotoka kikawa cha kweli, kikamshinda, akajishika mbavu. Fundi wa mabati naye akaambukizwa. Hata Kadra alifunika mdomo kwa kalamu.

Abdinur alikuwa amebana meno. Mshipa wa shingo ulipanda juu ya kola, ukashuka, ukapanda. Lakini alinyamaza, na Mwanasiti akaona mabati yake yakipita mbele ya macho, moja baada ya jingine, mgongoni mwa fundi. Alikuwa hana tena cha kuongeza.

Ndipo Wario alipoegemea fimbo, akainuka polepole.

"Sikuja kusema," alisema. Hakumwangalia Abdinur, alimwangalia Kadra. "Huyu mama ana maneno mengi, siujui ukweli wake. Lakini kijana anasema hakuwapo, wala hasemi kwamba asingekimbia. Kwetu, simba akiingia zizini tunaangalia nani amesimama. Ng'ombe zangu na binti yangu siwezi kumwachia mtu wa kusukuma bibi mbele ya gogo." Akaelekea mlangoni.

"Mzee!"

Wario hakugeuka.

"Mzee, si kweli! Gogo gani? Alikuwa mamba, mamba mkubwa hivi!" Abdinur alifungua mikono, akamgonga fundi kifuani. "Mimi ndiye niliyemwona! Yeye alikuwa ameinama anaosha vikombe, hana habari! Nilinyakua upondo kwenye mtumbwi nikampiga nao wa pua mpaka upondo ukapasuka, kwa mkono huu, na kwa mkono huu nikamvuta yeye kwa leso! Nani alilia? Yeye ndiye aliyelia, akanipa mkungu wa ndizi! Muulize Pekeshe! Pekeshe, sema, si uliona?"

Pekeshe alifuta machozi ya kicheko. "Mimi ushahidi wangu haupokelewi," alisema. "Mimi ni mpwa."

Nje, punda mmoja alilia akanyamaza. Wario alikuwa amegeuka mlangoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama kijana usoni, kwa muda, kama anavyotazama meno ya ndama kabla ya kununua. Abdinur alikuwa bado amenyoosha mikono yote miwili, mmoja umeshika upondo usiokuwapo, mwingine leso isiyokuwapo.

Kadra aliweka kalamu mezani. "Vikombe hivyo," aliuliza, "bibi alikuwa anaviosha kwa maji ya wapi?"

Abdinur alishusha mkono mmoja.

"Fundi," Kadra alisema bila kumtoa macho afisa wake, "kazi ya Jumamosi haipo. Nenda nyumbani. Bibi, malalamiko yako nimeyakubali, na barua yangu utaipata leo kabla hujaondoka. Abdinur, nakusubiri."

"Msimharakishe," alisema Mwanasiti, akijikalia kwenye kiti alichoacha Wario. "Ameniokoa roho yangu, kijana huyu. Mpeni maji."

Hakuna aliyempa. Abdinur alitazama viatu vyake vinavyong'aa, akaitazama fimbo ya mkwewe.

"Labda," alisema, "ulikuwa mto mwingine."

Wario, aliyewanywesha ng'ombe wake maisha yake yote kutoka Bangale mpaka chini kwenye delta, katika mto huo mmoja tu, aliuma midomo. "Mto mwingine," alirudia. "Upi, mwanangu?"